Barabara ya Kwenda Tu

Ndugu zangu, kaeni vizuri niwaeleze yaliyoikuta nyumba moja katika mji mdogo uliokuwa mbali na jiji kubwa. Siwaelezi ili mlie. Nawaeleza kwa sababu mji ule unafanana sana na huu wetu, na nyumba ile ingeweza kuwa yako au yangu.

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa na sauti yake. Karakana ya useremala ilikuwa ubavuni mwa jiko, ukuta mmoja tu katikati, kwa hiyo randa ilipoanza kukwaruza mbao, mke wa seremala alijua chai imechelewa. Huyu mke kila mtu alimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hata mumewe alimwita hivyo, isipokuwa siku aliyokuwa na kosa la kuombea msamaha. Siku hiyo alimwita "mama". Mwalimu angepita karakanani na kikombe mkononi, vumbi la mbao likimwingia viatuni, na kumkuta Seremala anaimba kwa sauti iliyowafanya wanagenzi wake watamani kuwasha msumeno.

"Baba Kasuku, majirani wanalalamika," angesema.

"Kelele za msumeno tena?"

"Msumeno hawana shida nao."

Wanagenzi wangecheka mpaka waweke vyombo chini. Mlangoni alikaa Bibi, mama yake Seremala, akinyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo ndogo, maana kwake kutupa msumari ilikuwa dhambi. Na binti yao, aliyepewa jina la Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena, angepita mbio kwenda shule huku anasimulia ndoto aliyoota. Hakuna aliyemsikiliza, na yeye hakujali.

Mji ulikuwa na hospitali yenye vitanda vya kutosha, shule mbili, tawi la benki na soko la maziwa. Upungufu wake ulikuwa mambo mawili. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Ukiwaka, watu walikimbilia pasi. Na maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai. Watu walikwisha kuzoea. Waliyachemsha, wakayachuja kwa kitambaa, maisha yakaendelea.

Basi siku moja akaja mhandisi wa mkoa, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akaitisha mkutano katika ukumbi wa mji. Akasema mkoa una uwezo wa kufanya jambo moja kubwa kwa sasa, na wenyeji waseme wanataka lipi. Ama barabara ya kwenda jijini ipanuliwe na kuwekwa lami mpya, ama ivutwe njia ya umeme wa uhakika pamoja na kujengwa mtambo wa kusafisha maji.

Seremala alikuwa mjumbe wa kamati ya maendeleo, na watu walipenda kumsikia. Akasimama.

"Umeme ukikatika," alisema, "nina msumeno wa mkono. Maji yakichafuka, nina sufuria. Lakini bila barabara, hizi meza zangu nitamuuzia nani? Mbuzi?"

Ukumbi ukacheka. Akaendelea, akaeleza jinsi jiji lilivyojaa watu wanaotaka vitanda, makabati na viti, na jinsi utajiri ulivyokuwa kule ukisubiri tu kufuatwa. Kila sentensi aliipigia meza kofi. Mwenyekiti wa kamati akatikisa kichwa kwa kuridhika. Muuza maziwa akapiga makofi kabla hajamaliza.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma, karibu na dirisha. Alikuwa na neno. Wiki ile ile alikuwa ameenda kumwona jirani aliyejifungua, akakuta wauguzi wanabeba maji kwa madumu kupandisha ngazi, na mkunga mmoja akamwambia kwamba walimzalisha mama yule kwa mwanga wa simu. Alitaka kuuliza: hospitali je? Mkono wake ulifika hadi begani. Halafu akamwona mumewe pale mbele, anavyong'aa, anavyosikilizwa, akaona haifai mke kumpinga mume mbele ya kadamnasi. Akaushusha mkono, akajifanya anatengeneza mtandio.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tumetengeneza mitandio siku tuliyotakiwa kusema?

Barabara ikajengwa. Nisiwadanganye, ilikuwa nzuri. Nyeusi, pana, yenye mistari myeupe iliyokuwa haijakanyagwa. Siku za mwanzo Seremala alipakia meza zake kwenye lori akarudi anaimba. Mwalimu mwenyewe alianza kuamini kwamba wasiwasi wake ulikuwa wa bure.

Lakini barabara haichagui cha kupitisha. Baada ya muda yakaanza kuja malori kutoka upande wa pili, yamejaa makabati ya mbao za kubanwa yaliyotengenezwa na viwanda vya jijini, viwanda ambavyo umeme wao haukatiki. Yalikuwa mepesi kama maboksi, na yakinyeshewa yanavimba, lakini bei yake Seremala hakuiweza hata angefanya kazi bila kula. Kisha benki ikafunga tawi lake. Mbona jiji liko karibu sasa? Ofisi ya ardhi nayo ikahamishiwa huko. Daktari akahama na familia yake akawa anakuja kwa gari lake siku moja moja. Wanagenzi wakaondoka mmoja baada ya mwingine, wakidandia malori yale yale yaliyoleta makabati. Shuleni kwa Mwalimu madawati ya nyuma yakabaki matupu, yakashika vumbi.

Barabara ilikuwa na njia mbili, lakini watu walitumia moja tu, ile ya kwenda.

Seremala akaacha kuimba. Kwanza Mwalimu alidhani ni huzuni. Halafu akaona viatu vya mumewe havimwingii. Miguu ilikuwa imevimba, uso umevimba, na akipanda ngazi mbili anahema kama aliyebeba gogo. "Uchovu tu," alisema. Alisema hivyo mpaka siku alipoanguka juu ya meza yake ya kazi, na Mwalimu na Kasuku wakamsukuma hospitali kwa mkokoteni wa mbao.

Ilikuwa bahati siku ile daktari alikuwapo. Alimpima, akakunja uso, akawaketisha wote wawili.

"Figo zako zimeshindwa kazi, fundi. Unahitaji mashine ya kusafisha damu mara tatu kila wiki, na sijui kama utaacha kuihitaji. Mashine hizo ziko jijini."

"Hapa hamna hata moja?" Mwalimu aliuliza.

"Tuliahidiwa mbili. Lakini mashine hii, Mwalimu, inataka maji safi kuliko unayokunywa, tena mengi. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, damu ya mgonjwa iko nje ya mwili wake. Wataalamu walikuja wakaangalia, wakaondoka nazo."

Seremala akauliza, "Kwa hiyo ni maji na umeme tu?"

"Tu?" daktari akasema.

Mwalimu hakuthubutu kumtazama mumewe. Alitazama mikono yake mipana iliyolala magotini, imetulia, haipigi kofi kitu chochote.

Wakahamia jijini. Kasuku akabaki na Bibi ili amalize masomo.

Chumba walichopata kilikuwa kimoja, ghorofa ya tatu, katika jengo lililojengwa karibu mno na jengo jingine. Dirisha lilikuwepo, ila ukilifungua unagusa ukuta wa jirani kwa kiganja. Kitanda kilichukua nusu ya chumba, na ili mlango ufunguke ilibidi kiti kipandishwe kitandani. Bomba lilikuwa moja kwa ghorofa nzima. Jengo zima lilikuwa limejaa watu wa namna yao, waliofuata kitu ambacho kwao hakikuwepo: huyu matibabu, yule chuo, wale muhuri wa ofisi fulani ambao ulichukua miezi wakaishia kuwa wapangaji.

Mwalimu akapata kibarua katika shule ya jirani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akadhani amekosea, kwamba pale ni mkutano. Watoto walikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, na waliobaki wakakaa sakafuni wakiandikia magotini. Akakumbuka madawati yake yaliyoshika vumbi kule nyumbani. Jiji liliumwa na shibe, mji wao uliumwa na njaa, na ugonjwa ulikuwa ule ule mmoja.

Na zile siku tatu za mashine! Hospitali haikuwa mbali, lakini foleni ya magari ilikuwa haitabiriki, kwa hiyo waliondoka alfajiri wakakaa ndani ya basi lililosimama, joto likipanda, Seremala akilamba midomo. Hakuruhusiwa kunywa maji ila kidogo sana kwa siku. Alipofika na kulazwa, sindano mbili mkononi, alisikia maji yakipita kwenye mipira ya mashine, shwaa, shwaa, mita moja kutoka mdomoni mwake.

"Mashine inakunywa," alimwambia mkewe siku moja, "mimi naangalia."

Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli, mcheshi, aliyetoka mkoa wa mbali kuliko wa kwao. Huyu alizoea kuwasalimu wagonjwa kama mtu anayetangaza vituo. "Karibu fundi! Umechelewa, treni inaondoka!" Ni yeye aliyemwambia Mwalimu kwamba katika chumba kile kuna watu wa kila mkoa. "Nchi nzima imekuja kulala wodi moja, shemeji. Halafu wanashangaa kwa nini wodi imejaa."

"Unatamani kurudi kwenu, mzee wangu?"

"Mimi? Kwenda kwetu ni siku mbili. Mashine inanidai keshokutwa. Piga hesabu mwenyewe." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Hapo ndipo Mwalimu alipoelewa vizuri hali yao. Hakuna aliyewafungia mlango. Walikuwa huru kwenda popote, ilimradi warudi kabla damu haijachafuka.

Kisha Kasuku akapiga simu. Binti asiyenyamaza alinyamaza muda mrefu kwenye simu ile, na Mwalimu akajua kabla hajaambiwa. Bibi amefariki.

Seremala akataka kuondoka saa hiyo hiyo. Mwalimu akamsihi apite kwanza kwenye mashine, na alipotoka, bado bandeji ina damu, wakakimbilia basi. Barabara yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilichowachukua muda ni kutoka jijini. Basi lilisogea hatua, likasimama, likasogea, likasimama, na Seremala ameshika kiti cha mbele kana kwamba anaweza kulisukuma. Walipofika nyumbani walikutana na watu wanarudi kutoka makaburini, udongo mbichi ungali kwenye viatu vyao. Mwenyekiti wa kamati alimkumbatia. "Tuliwangoja, ndugu yangu. Tuliwangoja mpaka ikabidi."

Seremala alikwenda akasimama peke yake kwenye kaburi. Hakulia mbele za watu. Aliporudi alimwambia mkewe, "Mama, nisamehe," na Mwalimu alipolisikia jina hilo akajua halikuwa linahusu mazishi tu.

Hawakuweza kukaa; Kasuku wakamwacha kwa jirani. Wakati wa kurudi, lori lilikuwa limepinduka kwenye lango la jiji, na magari yakasimama mpaka macho hayaoni mwisho. Jua likapanda, likaanza kushuka. Nafasi ya Seremala kwenye mashine ikapita wakiwa wameketi. Pumzi yake ikaanza kukwama, maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Mwalimu akamshusha, akamkokota kati ya magari yaliyosimama, akigonga vioo, akiomba, mpaka kijana mmoja wa pikipiki akawapakia wote wawili akapenya pembeni mwa barabara.

Wodini vitanda vyote vilikuwa na watu. Muuguzi alimtazama Seremala, akatazama vitanda, akashika kichwa. Mzee wa reli ndiyo kwanza anataka kuunganishwa.

"Mpeni huyu behewa langu," alisema, akijiinua. "Mimi nakaa karibu, nitangoja."

"Baba, na wewe zamu yako..."

"Binti, nimengoja treni maisha yangu yote. Mlaze mtu."

Akangoja kwenye benchi hadi jioni, miguu imevimba, anapiga miayo na kutania kila anayepita. Mwalimu alikaa kando yake akamshika mkono. Alikuwa na hasira. Haikuwa kwa mumewe, wala kwa kamati. Ilikuwa kwa ule mkono wake mwenyewe ulioishia begani.

Haikupita muda mrefu Kasuku akaleta habari. Mhandisi wa mkoa anarudi. Kuna mkutano.

"Nenda," Seremala akamwambia. "Mimi siwezi. Waambie ni mimi niliyewachekesha siku ile. Waambie sicheki sasa."

Ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Mwenyekiti alikwisha kusema neno lake kabla Mwalimu hajapata kiti: foleni ya jijini inaua watu, dawa ni kuongeza njia nyingine mbili hadi langoni. Watu wakaitikia kwa vichwa. Safari hii Mwalimu hakungoja kuombwa.

"Foleni ile ni sisi," alisema.

Watu wakageuka.

"Nimekaa ndani yake karibu kila siku, nimeitazama kwa karibu. Aliye mbele yangu anafuata muhuri wa kiwanja. Aliye nyuma anafuata daktari. Pembeni kuna wanagenzi wa mume wangu wanaendesha mikokoteni. Mkiongeza njia mbili, tutakwenda wengi zaidi, tutakwama wengi zaidi. Mume wangu alisimama hapa akachagua barabara, nami nilikuwa na neno la hospitali nikalimeza. Nyumba yangu imelipia yote mawili."

Muuza maziwa akainuka, uso umemwiva. "Shemeji, tunakuonea huruma, kweli. Lakini maziwa yangu yanaganda njiani! Nikikosa barabara pana nitayapeleka wapi?"

"Yanaganda kwa sababu huna pa kuyapoza. Ukiwa na umeme usiolala, utayapoza hapa, utayapeleka unapotaka wewe, siyo yanapotaka yenyewe."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Mhandisi akaongeza kwa sauti yake ya taratibu kwamba barabara iliyopo inatosha na haina kosa. Kosa ni kwamba upande huu hakujajengwa kitu cha kumfanya mtu abaki, wala cha kumfanya mtu aje. Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Mikono ilipohesabiwa, umeme na maji vilishinda, lakini kwa shida. Mwenyekiti alitoka bila kuaga.

Msifikiri kesho yake taa ziliwaka. Nguzo zilikuja polepole, mtambo wa maji ukasimama nusu, ukaanza tena. Seremala alikonda jijini, na mara mbili Mwalimu alidhani hatafika siku ya kurudi kwao. Mzee wa reli hakufika. Alifariki katika chumba cha kupanga, mbali na kwao, na muuguzi aliposema "kitanda hiki kiko wazi sasa," Seremala aligeukia ukutani, akakataa kula siku nzima.

Lakini mashine zikaja. Zikawekwa katika chumba cha hospitali ya mji mdogo kilichokuwa stoo ya mashuka, na wauguzi wawili wakasomeshwa kuziendesha. Daktari akawa analala mjini siku nyingi zaidi. Muuza maziwa akapanga ile karakana, akaweka matangi ya kupozea, na mwanagenzi mmoja, mmoja tu, akarudi kumfanyia kazi. Seremala hakuwa tena na nguvu za kushika randa.

Siku ya kwanza ya matibabu baada ya kurudi nyumbani, Seremala alikwenda hospitali kwa miguu yake, taratibu, Kasuku amemshika kiwiko huku anasema bila kupumua, habari za shule, za jirani, za paka. Mwalimu alifuata nyuma na shuka. Mashine ilipoanza kuzunguka, aliinama sikioni mwa mumewe.

"Unajisikiaje?"

Seremala alitazama mpira wenye damu yake, akatazama dirisha, ambalo nje yake kulikuwa na uwanja na watoto wanacheza.

"Bado nimefungwa, Mwalimu," alisema. "Lakini sasa nimefungwa nyumbani."

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ndugu zangu, barabara si adui, na jiji si adui. Adui ni tabia yetu ya kukusanya kila kitu mahali pamoja kisha kushangaa watu wote wamejazana hapo. Hospitali, umeme, maji, ofisi na kazi vikirundikwa jijini, jiji litakosa hewa, na miji mingine itakosa damu. Mkoa haukui kwa kufikishwa jijini haraka. Unakua pale mtu wake anapoweza kutibiwa, kusoma, kufanya kazi na kuuza bila kuhama, na akisafiri, asafiri kwa kupenda.

Kwa hiyo mkiulizwa mnataka nini, msichague kinachong'aa mbele ya macho tu. Ulizeni: hiki kitamfanya mwanangu abaki, au kitamwondoa upesi zaidi? Na wewe uliyekaa nyuma karibu na dirisha, mwenye neno moyoni, usiogope kumuudhi umpendaye. Inua mkono mpaka juu. Useme.